Kabla hujabadili gari la umeme, lipime ulilonalo

Kwa miaka minne nimetembelea Nissan Leaf ya mwaka 2013, betri ya kilowati-saa 24, Goba kwenda Posta na kurudi. Ilipofika kutoka Japani dashibodi ilionyesha vijiti kumi vya afya ya betri kati ya kumi na viwili. Nilipoiuza vilikuwa vimebaki vinane. Sasa naendesha BYD Atto 3, gari la umeme la Kichina la kilowati-saa 60, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anafungasha virago kurudi kwao.

Wengi wanaotaka kuhama kutoka gari moja la umeme kwenda jingine huliuza kwanza la zamani, hela ikikaa mkononi ndipo wanaanza kulinganisha kwa kusoma vipeperushi. Mimi nakushauri ufanye kinyume. Gari ulilonalo ndiyo rula yako. Limeshapita kwenye foleni zako, milima yako na joto lako, na hakuna muuzaji anayeweza kukupa vipimo hivyo. Ukiliuza kabla ya kulipima, rula imekwenda na mnunuzi.

Hatua ya 1: Wiki moja ya daftari na Luku

Chukua daftari la shule, gawanya kurasa tatu: kilometa ulizotembea, uniti zilizoingia (uniti moja ni kilowati-saa moja), na saa ulizokaa barabarani kiyoyozi kikiwaka. Kilometa zipo kwenye dashibodi. Saa utaziandika mwenyewe. Uniti ndizo zinahitaji ujanja kidogo.

Usiku wa kwanza usichaji gari kabisa. Soma salio la Luku unapokwenda kulala, soma tena asubuhi. Tofauti ni ile inayoliwa na friji, feni na taa ya nje. Usiku unaofuata chaji gari, soma tena hivyohivyo, kisha toa kile cha nyumba. Kilichobaki kimeingia kwenye gari, pamoja na kinachopotea njiani kama joto kwenye chaja na nyaya. Kinachopotea si kidogo: hesabu kati ya asilimia 10 na 15. Ndiyo maana namba ya dashibodi daima inapendeza kuliko ya Luku. Wewe fuata ya Luku, kwa sababu ndiyo unayoilipia.

Yangu ilitoka hivi: wastani wa kilometa 52 kwa siku, uniti 9.6 kutoka ukutani. Yaani kilometa 5.4 kwa kila uniti. Kwa bei ya wakati huo ya T1, kundi la wateja wa kawaida, ya shilingi 292, ukiweka VAT na tozo za REA na EWURA ilifika kama 356, hivyo siku moja ilinigharimu shilingi 3,400 na kidogo. Usijidanganye na ile bei ya 122 ya watumiaji wadogo. Kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, na gari peke yake lilikuwa linazimaliza kwa siku nane.

Ukiwa mpangaji na mnatumia Luku moja nyumba nzima, hesabu hii ifanye kwa sababu nyingine pia: amani. Nimewahi kuishi hivyo Tabata. Mama wa chumba cha pili aliniambia waziwazi, "Baba, hilo gari lako linakunywa umeme wetu." Nilikuwa nalipa zaidi ya fungu langu, lakini sikuwa na namba ya kumwonyesha. Nilipofunga mita ndogo kwenye waya wa gari, maneno yaliisha.

Hatua ya 2: Hesabu saa, si kilometa peke yake

Hapa ndipo Dar inatofautiana na sehemu nyingi ambako magari haya hupimwa. Gari la umeme likisimama kwenye foleni, mota haili kitu. Kiyoyozi kinakula. Na kiyoyozi hakijui kilometa, kinajua saa tu. Kwenye joto la Februari, na jua la mchana limeganda kwenye kioo cha mbele, kitavuta kati ya nusu kilowati na kilowati moja na nusu. Chukua kilowati moja kwa urahisi. Ukikaa saa mbili kutoka Posta hadi Mwenge kwa sababu mvua imenyesha na bonde la Jangwani limefungwa, umetumia uniti mbili bila kwenda popote.

Kwa Leaf yangu ya mwisho mwisho, iliyokuwa na afya ya asilimia 65, betri iliyobaki ya kutumia ilikuwa kama uniti 14. Uniti mbili za foleni ni sehemu ya saba ya tangi lote. Kwa Atto 3, uniti mbili hizohizo ni sehemu ya thelathini. Tofauti hii ndiyo iliyonifanya nibadili gari. Safari yangu ya kila siku Leaf ilikuwa inaiweza hadi siku ya mwisho. Kilichonishinda ni siku za mvua, pale unapozima kiyoyozi, unateremsha vioo, na unaanza kuhesabu kilometa kama mtu anayehesabu nauli ya mwisho.

Kwa hiyo jiulize ni siku gani hasa zinakushinda. Kama ni mbili kwa mwaka, pengine hukuhitaji gari jipya, ulihitaji teksi ya Bolt siku hizo mbili. Kama ni kila wiki ya masika, endelea kusoma.

Hatua ya 3: Soma namba za watengenezaji ukiwa na rula yako mkononi

Leaf ya kilowati-saa 40, iliyotoka Japani Oktoba 2017, ni mfano mzuri. Kwa kipimo cha zamani cha Japani, JC08, inakwenda kilometa 400. Kwa kipimo kipya cha Japani, WLTC, ni 322. Kwa kipimo cha Marekani ni 243. Gari ni lilelile, betri ni ileile. Dalali atakutajia 400, na hatakuwa amekudanganya; amechagua tu karatasi inayompendeza. Magari ya Kichina nayo yana kipimo cha kwao, CLTC, ambacho ni cha ukarimu sana: betri ya Atto 3 ya kilowati-saa 60 huko China imeandikwa kilometa 510, Ulaya 420.

Zisome zote, kisha ziweke pembeni. Chukua ukubwa wa betri ya gari jipya, zidisha kwa kilometa ambazo gari lako la zamani lilikwenda kwa kila uniti iliyokuwa ndani ya betri. Hii ndiyo kazi ya namba ya dashibodi. Ya kwangu ilikuwa inacheza kwenye 6.3. Gari jipya likiwa zito zaidi, punguza. Atto 3 ina uzito wa kilo 1,750 hivi, zaidi ya Leaf ya zamani kwa kilo mia mbili na ushee, nikaweka 5.8. Mara 60, unapata kama 350. Toa akiba ya kurudi nyumbani bila kusali, nikabaki na 300. Nimeitembelea miezi kadhaa na 300 yangu haijawahi kuniangusha.

Ukiwa na namba hiyo, iweke kwenye ramani. Bagamoyo na kurudi ni kama kilometa 140 kutoka katikati ya mji: Leaf yangu ya vijiti vinane haikuiweza bila kuchaji huko, Atto inakwenda na kurudi na kubaki na zaidi ya nusu. Morogoro ni karibu kilometa 190 kwenda tu. Atto inafika vizuri, lakini kwenda na kurudi kwa chaji moja ni kujitafutia presha. Panga kulala huko, na uhakikishe nyumba ya wageni ina soketi nzuri karibu na maegesho.

Jambo moja ambalo nimelirudia mara nyingi mpaka nimechoka: betri kubwa haili umeme mwingi. Jirani aliona Atto akaniambia Luku itanifilisi, betri mara mbili na nusu ya ile. Umeme unaoliwa unategemea kilometa na saa, betri ni ndoo tu. Sasa napata kilometa 5 kwa uniti ya Luku badala ya 5.4. Kilometa zilezile 52 zinataka uniti 10.4, shilingi 3,700. Nimeongezeka kama shilingi 300 kwa siku, bei ya andazi.

Hatua ya 4: Tazama tundu kabla hujatazama rangi

Kosa la gharama kubwa kuliko yote linafanyika hapa, tena na watu ambao tayari wamemiliki gari la umeme, kwa sababu wanadhani waya wao wa zamani utaingia.

Leaf za Japani zina matundu mawili puani. Dogo la mviringo lenye vishimo vitano ni Type 1, la kuchaji nyumbani. Kubwa la mviringo ni CHAdeMO, la chaji ya haraka. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, Australia na masoko mengi ya nje yana Type 2, tundu lenye vishimo saba na juu limekatwa bapa. Chini yake kukiwa na matundu mawili manene basi hiyo ni CCS2, ya chaji ya haraka. Magari ya soko la ndani ya China yana GB/T. Hili la mwisho ni la hila, kwa sababu tundu lake la kuchajia polepole linafanana sana na Type 2 kwa macho, nalo lina saba, lakini haviingiliani.

Kwa hiyo usiulize "linachaji vipi?" Omba picha ya tundu likiwa wazi, imepigwa karibu, mchana. Muuzaji asiyetaka kutuma picha hiyo, achana naye.

Kwa kuchaji polepole nyumbani, adapta kutoka Type 1 kwenda Type 2 zipo na zinafanya kazi. Chaja yangu ya zamani ya mkononi niliitumia hivyo kwa wiki tatu. Kwa chaji ya haraka usitegemee adapta, vifaa vya namna hiyo ni ghali na vina masharti.

Kuna njia ya pembeni ambayo wachache wanaifikiria. BYD ilianza kuuza Atto 3 Japani Januari 2023, na za huko zina Type 1 na CHAdeMO, na usukani kulia. Mtu anayetoka kwenye Leaf akaagiza Atto ya Japani habadilishi waya hata mmoja. Ila na dashibodi yake inaongea Kijapani. Mimi nimeishi miaka minne na yule dada anayekusalimia kila ukiwasha gari na kulalamika kuhusu kadi ya kulipia barabara za Japani, ambayo Tanzania nzima haina, nilikuwa nimechoka.

Na usukani. China wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo gari la soko lao lina usukani kushoto. Bei yake inaweza kukuvutia. Kabla hujatuma hela, fikiria uko nyuma ya lori Chalinze, unataka kulipita, na wewe umekaa upande wa majani.

Hatua ya 5: Pima betri ya unalonunua

Ukiwa unahamia Leaf nyingine, kazi ni rahisi. Nunua kifaa kidogo cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, chenye bluetooth, pakua programu ya LeafSpy kwenye simu, chomeka chini ya usukani. Kitakuonyesha SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia, na hali ya kila seli kwa volti. Vijiti vya dashibodi peke yake havitoshi. Kijiti cha kwanza hakipotei mpaka betri imeshuka kwa asilimia 15, kwa hiyo gari la vijiti kumi na viwili linaweza kuwa na 99 au 86. Tena kuna mafundi wanaoweza kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijiti vyote vikarudi kwa muda. Yadi moja hapa mjini walinionyesha Leaf ya 2012 yenye vijiti kumi na viwili. "Kaka, hii betri ilikuwa ya bibi mmoja Osaka, anakwenda sokoni tu." Nikachomeka kifaa. Volti za seli zilikuwa zimetawanyika kama mbuzi wasio na mchungaji. Nikamrudishia ufunguo.

Ukitaka kugundua ujanja huo bila kifaa, liendeshe. Betri iliyofutwa kumbukumbu itakuambia kilometa 130 mwanzoni, na baada ya kilometa 20 itakuambia 70.

Kwa BYD na mengine ambayo hayana programu rahisi kama hiyo, tumia njia ya mita. Mwombe muuzaji uchaji gari usiku mmoja kwake, au kwako akikuamini. Anza likiwa asilimia 70, acha lifike 100, soma uniti. Kwa betri ya 60, asilimia 30 ni uniti 18 ndani ya betri, na ukutani zinatakiwa ziingie kama 20 au 21. Zikiingia 15 tu na gari limeandika limejaa, betri imepungua, na mazungumzo ya bei yanaanza upya. Nimechagua kumalizia kwenye 100 kwa makusudi. Betri za BYD ni za chuma na fosfati, volti yake karibu haibadiliki katikati, na kompyuta hukisia asilimia. Juu kabisa ndipo inapojua ukweli.

Kisha lipandishe kwenye rampu ya gereji, tazama tumbo. Betri iko pale chini, kitu cha bei kuliko vyote kwenye gari, na matuta ya mitaa yetu hayana huruma. Mchubuko mwepesi kwenye kinga si neno. Bonde kwenye kasha la betri ni neno. Inua kapeti la abiria unuse: gari lililozama kwenye mafuriko lina harufu ambayo pafyumu za yadi haziifichi.

Dhamana ya betri iulize kwa maandishi. Miaka minane inayotajwa mara nyingi ni ya nchi gari lilikouzwa likiwa jipya, na haisafiri melini pamoja na gari.

Hatua ya 6: Liendeshe kwenye barabara zako

Usikubali mzunguko wa dakika kumi kwenye lami ya Masaki. Mimi nilimwomba muuzaji tupande Goba, tukiwa watu wanne, na tupite kwenye ile rafu roodi ya karibu na kwangu yenye matuta yaliyojengwa na wananchi wenye hasira. Leaf ilikuwa inagusa tuta moja kila siku. Nilijua sauti yake. Atto ilipita kimya. Hilo lilinishawishi kuliko skrini yake inayozunguka, ambayo watoto waliizungusha mpaka muuzaji akanuna.

Angalia breki za kurudisha umeme. Leaf yangu ukiweka gia ya B, ukiachia pedali kwenye mteremko inajishika vizuri. Leaf za toleo la Oktoba 2017 kwenda mbele zina e-Pedal inayosimamisha gari kabisa kwa pedali moja. Atto 3 haina hiyo: ina viwango viwili vya kurudisha umeme, na mwisho lazima ukanyage breki mwenyewe. Mtu aliyezoea pedali moja, siku ya kwanza atakaribia sana kumbusu mwenye daladala. Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia: indiketa ya Atto yangu iko kushoto mwa usukani, wakati Leaf ilikuwa kulia. Wiki nzima nilikuwa nawasha waipa kila nikikata kona Mwenge, jua kali, watu wananitazama.

Tazama na matairi. Leaf yangu ilivaa inchi 16, ukubwa unaopatikana kila duka. Atto ni 215/55 inchi 18. Uliza bei Kariakoo kabla ya kununua gari, si baada ya pancha. Gari zito lenye nguvu ya ghafla linakula matairi, na mota ya kilowati 150 badala ya 80 inakushawishi ukanyage.

Hatua ya 7: Umeme wa nyumbani

Hapa nitakuwa mkali. Mwaka wangu wa kwanza na Leaf nilichajia kwenye ekstensheni niliyonunua kwa mmachinga. Usiku wa tatu nilisikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imeyeyuka imeshikana na soketi kama peremende. Nyumba ilipona kwa sababu mke wangu hakuwa amelala.

Soketi yetu ya pini tatu imeandikwa ampea 13, lakini haikutengenezwa kubeba 13 kwa saa nane mfululizo. Weka chaja ya mkononi kwenye ampea 8 au 10. Kumi kwa volti 230 ni kilowati 2.3. Utasikia watu wakisema Atto itachukua zaidi ya siku nzima kujaa kwa kasi hiyo, na ni kweli, ukianzia sifuri. Nani anaanzia sifuri? Uniti zangu kumi za siku zinaingia kwa saa nne na nusu. Ninachomeka saa nne usiku, alfajiri imeshamaliza zamani.

Ukitaka chaja ya ukutani ya kilowati 7, mwite fundi umeme mwenye leseni, avute waya wake peke yake kutoka kwenye meni switchi, milimita 6 au zaidi, wenye sakiti breka yake na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Na aanze kwa kupima ethi. Nyumba nyingi zina waya wa ethi unaoishia kwenye fimbo fupi iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu. Leaf yangu ilikuwa inachaji hivyohivyo na chaja ya zamani isiyojali. Chaja mpya ilikataa, taa nyekundu, nikadhani nimeuziwa mbovu. Fundi alichimbia fimbo ndefu mahali penye unyevu, nyuma ya bafu, ikakubali siku hiyohiyo.

Gari jipya pia linaweza kutoa umeme. Atto ina uwezo wa kuendesha vitu vya nyumbani kupitia adapta inayochomekwa kwenye tundu la chaji. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa mwaka 2024 mgao umepungua sana mtaani kwetu, lakini nguzo bado zinaanguka mvua ikinyesha. Usiku mmoja mtaa mzima giza, sisi friji, feni mbili na televisheni vilikaa hadi asubuhi, na gari lilishuka asilimia tano tu. Usichomeke adapta hiyo kwenye soketi ya ukutani ili umeme urudi nyumba nzima. Unaweza kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo.

Hatua ya 8: Makaratasi

Kama unaagiza nje, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA kabla ya kuongea bei na mtu yeyote. Umri wa gari una ushuru wake, na gari la zaidi ya miaka minane linalipiwa zaidi. Kama unanunua hapa, mkataba upitie kwa mwanasheria na kadi ibadilishwe jina mara moja. Kwa bima, chukua kubwa, na iandikwe kwenye fomu kwamba ni gari la umeme pamoja na thamani ya betri. Na mwenye gari wa zamani alitoe kwenye akaunti yake ya simu mbele yako. Mimi nilisahau, na kwa siku mbili mtu aliyekuwa ng'ambo aliweza kuwasha kiyoyozi changu.

Hatua ya 9: Badili tabia

Leaf haina mfumo wa kupoza betri, inategemea upepo. Kwa hiyo nilijifunza kutoijaza hadi 100 na kuiacha juani, kuchomoa kwenye 80, kutochaji mara tu baada ya safari ndefu, kutafuta kivuli cha mwembe. Tabia nzuri, na ndizo zilizoipa betri yangu miaka yake. Nilipohamia Atto niliendelea nazo, na baada ya mwezi asilimia zikaanza kuchanganyikiwa. Betri yake inataka ijazwe hadi 100 angalau mara moja kwa wiki ili kompyuta ijue ilipo. Ijumaa usiku ndiyo zamu yake.

Halafu ina mfumo wa kupoza, na unawaka hata gari likiwa limeegeshwa linachaji. Usiku wa kwanza nilisikia mvumo nje, nikatoka na panga.

Breki za yote mawili zinafanya kazi kidogo, kwa hiyo diski zinapata kutu, hasa ukikaa Kigamboni au Msasani ambako upepo una chumvi. Mara moja kwa wiki, mahali pa wazi, kanyaga breki kwa nguvu mara chache.

Hatua ya 10: Sasa uza la zamani

Leaf ya asilimia 65 si takataka, ila si gari la kila mtu. Usimuuzie mtu wa Mbezi ya Kimara anayefanya kazi Kigamboni. Atakurudia na polisi. Chapisha ukurasa wa LeafSpy, uweke pamoja na daftari lako la wiki moja, na umwambie mnunuzi kilometa za ukweli. Bei itashuka kidogo, simu zitapungua sana. Kama hakuna anayelitaka kama gari, betri yake ina moduli 48 ambazo watu wa sola wanazitafuta kwa ajili ya kuhifadhi umeme, lakini hiyo ni kazi ya mtu anayejua volti mia nne zinafanya nini kwenye mwili.

Langu lilichukuliwa na mwalimu anayekaa Kijitonyama na kufundisha Sinza. Kilometa saba kwa siku. Nilimpa waya, chaja ya zamani na kile kifaa cha OBD. Aliwasha gari, yule dada wa Kijapani akasalimia na kuanza kulalamika kuhusu kadi yake. "Huyu ananyamazishwa vipi?" akaniuliza. Miaka minne, na nilikuwa sijui.